Buriani Iliyokatwa

Sogeeni karibu. Aliyekaa avute kiti, aliyesimama atafute ukuta wa kuegemea, na mwenye simu aizime, maana jini wa hadithi hii hapendi kukatizwa, na mtaona yaliyotokea siku alipokatizwa. Nawaambia mapema ili tusije tukalaumiana: kuianza nitaianza mimi, lakini kuimaliza ni kazi yenu.

Katika mji wa Mavumoni palikuwa na wapigaji wanne wa ule muziki ambao wataalamu huuita muziki wa chemba. Msiogope jina. Maana yake ni muziki wa watu wachache, kila mmoja na sehemu yake, bila mwimbaji, bila kipaza sauti, na bila mtu wa kusimama mbele akipunga kijiti. Wanakaa chumbani nusu duara, wanatazamana, na wanapiga kama watu wanaozungumza. Watu wa Mavumoni waliuzoea polepole. Mwanzoni walikuwa wakiuliza mwimbaji atafika saa ngapi.

Mize alipiga viola, ambayo ni fidla iliyonenepa kidogo. Kipaji chake kilikuwa sikio. Akipita nje ya nyumba ambamo mtu anapika, alijua kwa mlio wa sufuria kama kifuniko ni chake au cha kuazima. Lakini viola ina mkosi wake: hukaa katikati ya sauti nyingine na watu hawaitambui ila ikikosekana. Basi Mize alisikia kila kitu na mwenyewe hakusikika, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Faki alipiga fidla ya pili. Kipaji chake kilikuwa kutunga, na kile alichokisikia mara moja hakikumtoka tena. Alisoma ng'ambo, akarudi na shahada, na koti zito lisilofaa kwa joto la Mavumoni, na tabia ya kusimama katikati ya njia akiandika hewani kwa kidole huku baiskeli zikimkwepa. Kasoro yake ni kwamba mikono yake haikukifikia kichwa chake. Alitunga mambo ambayo mwenyewe hakuweza kuyapiga.

Shaame alipiga fidla ya kwanza, na kipaji chake kilikuwa mkono. Umwimbie kitu chochote, kabla hujafunga mdomo ameshakupigia, tena vizuri kuliko ulivyoimba. Fidla yake ilikuwa ya babu yake. Aliifuta kila siku kwa kitambaa laini na kuilaza kwa upole ambao mkewe, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kuuonja.

Wa nne alikuwa Kazija, mpiga chelo, kile chombo kikubwa kinachokaa baina ya magoti na kunguruma kama mtu mzima anayejiandaa kusema jambo la maana. Kipaji chake sitakisifu, kwa kuwa hadithi hii ni ya kile alichofanyiwa. Nitasema tu kwamba Kazija alipopiga, hata Mize alisahau kutafuta makosa. Hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka. Alipoposwa, alimuuliza mchumba wake jambo moja: chelo itakaa chumba gani?

Sasa mji wenyewe. Chini ya Mavumoni mwamba una mapango. Bahari ikijaa, mwamba huvuma, sauti nzito ya chini, inapanda kidogo, inashuka, inarudi palepale. Walimu wa jiografia husema ni hewa. Wakongwe husema ni jini. Pande hizo mbili hazijawahi kukaa pamoja zikalizungumza.

Jini mwenyewe, kwa wanaomjua, si mbaya. Ni mpweke. Ana mwanzo wa wimbo na hana mwisho wake, ndiyo maana anavuma tu na kurudia. Akimsikia binadamu anapiga ule mvumo, hudhani amepata mgeni, hupanda juu kusikiliza na kumkaribisha. Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu jini huyu ana adabu kuliko watu wengi: kwake mgeni haondoki bila kuaga. Kwa hiyo Mavumoni, iwe ngoma ya harusi, iwe wanawake wanaotwanga, iwe watoto wanaoruka kamba, hawaachi wimbo ukatike hivihivi. Hufunga kwa kipande kifupi wanachokiita buriani. Ni kumwambia jini: sisi tumekwenda zetu, na wewe rudi kwako salama.

Faki aliutaka mvumo ule kwa ajili ya utunzi wake mpya. Akaenda kwa Bi Mwanaheri, bibi yake Mize, bikizee aliyependa redio kuliko watu, kwa sababu redio, alisema, ukiizima inanyamaza. Bi Mwanaheri alimwimbia mvumo wa jini na kisha buriani yake ya kale, ambayo watu walikuwa wameshaanza kuifupisha. Faki akarudi nyumbani, akajifungia, akatoka na utunzi. Chelo ilikuwa jini mwenyewe, ikivuma mwanzo hadi mwisho. Fidla na viola walikuwa binadamu waliomtembelea. Na mwishoni kabisa fidla ya kwanza ilipanda peke yake na kupiga buriani, ngumu, yenye kona nyingi, ndipo chelo inyamaze.

"Hii umeiandikia mtu mwenye vidole vingapi?" aliuliza Shaame alipoiona.

"Nimekuandikia wewe."

"Basi ulikuwa umenikasirikia."

Walifanya mazoezi, wakaiweza. Wakaalikwa kuupiga muziki huo kwenye Tamasha la Mji, katika jengo la forodha ya zamani lililokaa juu ya mwamba wenyewe. Siku ya mazoezi ya mwisho alifika Bwana Ngwali, Afisa Utamaduni, mtu mpole aliyebeba faili hata akienda kununua samaki. Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ni mzuri," alisema. "Ni mzuri na ni mrefu."

"Umesikia nusu tu, Bwana Ngwali," akasema Faki.

"Ndiyo maana nasema ni mrefu." Akafungua faili. "Mgeni rasmi atakaa nasi robo saa. Akitoka hapo anakwenda kuzindua choo cha soko. Choo kimo kwenye ratiba tangu mwaka jana, Ustadhi. Nyinyi mmeingizwa juzi."

"Sasa tufanyeje?"

"Punguzeni."

"Muziki haupunguzwi kama suruali!"

"Bajeti ya Idara hupunguzwa kila mwaka," alisema Bwana Ngwali kwa huzuni ya kweli, "na haijawahi kulalamika."

Faki akazikodolea macho karatasi zake. Kila mahali alipotaka kukata, paliunganika na pengine. Ukivuta uzi hapa, nguo inafumuka kule. Mahali pamoja tu pangekatika bila kuacha kidonda, napo ni mwisho. Akaikata buriani.

"Alhamdulillahi," akasema Shaame. "Vidole vyangu vinakushukuru."

Mize alisikia, na sikio lake likamwambia kwamba hapa pana jambo. Akafungua mdomo. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya Mavumoni, na kwamba asubuhi ileile alikuwa amewachorea wanafunzi mwamba, pango na mishale ya hewa. Akaufunga.

"Mimi namalizia wapi sasa?" aliuliza Kazija.

"Unavuma, unavuma," akasema Faki, "halafu unaacha."

"Naacha tu? Bila kuaga?"

"Unaacha tu, dada yangu. Mheshimiwa ana haraka."

Siku ya tamasha, alasiri, maji yalikuwa yamejaa. Mgeni rasmi alikaa mbele, na kando yake wasaidizi wake, na nyuma yao wananchi waliobahatika kupata viti. Kazija akaweka upinde juu ya nyuzi, akaanza mvumo. Mwamba chini ya jengo ukamwitikia. Watu walifurahi mno wakidhani ni ufundi. Bwana Ngwali akageuka huku na huku kumtafuta aliyeleta spika bila kibali.

Wakapiga mpaka pale palipokatwa. Shaame akashusha fidla. Faki akashusha. Mize akashusha. Mkono wa Kazija haukushuka.

Uliendelea na mvumo uleule, unapanda kidogo, unashuka, unarudi palepale. Watu wakapiga makofi, mkono ukaendelea. Mgeni rasmi akasimama, akasema kwa sauti, "Huyu anaipenda kazi yake! Vijana igeni!" Mkono ukaendelea.

Hapa sasa sikilizeni vizuri, maana ndipo penye kesi.

Mize peke yake ndiye aliyejua. Ukumbi mzima ulikuwa na masikio, lakini yeye alisikia kwamba Kazija, ambaye siku zote huvuta pumzi kila upinde unapogeuka, sasa upinde unageuka na pumzi haipo. Mkono ulikuwa ukipiga na mwenyewe hayumo. Bwana Ngwali alikuwa ameshafika jukwaani, kwa heshima zote, kuuchukua upinde ule ili ratiba iendelee. Mize alitupa viola yake chini, akamsukuma afisa akaangukia mapajani kwa msaidizi wa mgeni rasmi.

"Usimguse! Bibi husema aliyechukuliwa na jini akinyang'anywa chombo, mwili unabaki na mwenyewe harudi!"

"Mwalimu Mize, jamani, Mheshimiwa anatazama..."

"Mheshimiwa ana choo, mwache aende!" Akamgeukia Faki. "Jini hakuagwa. Buriani iko wapi?"

Faki peke yake ndiye aliyekuwa nayo. Karatasi zake zilikuwa nyumbani, na Bi Mwanaheri alikuwa upande wa pili wa mji na redio yake. Na kulikuwa na jambo jingine: mvumo ulikuwa umejaa vichwani mwa watu kiasi kwamba kila aliyejaribu kukumbuka wimbo wowote, hata ule wa kumlaza mtoto, aliukuta mvumo tu. Mize alijaribu buriani, akaikosa; hata Shaame, aliyeifanyia mazoezi, aliikosa. Faki alifumba macho, akaziba masikio, akaingia ndani ya kichwa chake kama mtu anayeingia stoo isiyo na taa, akapapasa mpaka akaigusa buriani, kona baada ya kona. Akanyakua fidla yake aipige. Vidole vikajikwaa palepale mwanzoni. Akaitupa, akamshika Shaame bega, akamwimbia sikioni.

Shaame peke yake ndiye aliyeweza kuipiga. Alipokea kipande, akakitoa. Akapokea kingine, akakitoa, huku nyuma ya sauti ya Faki mvumo ukiwavuta wote wawili. Katikati ya kona ya pili mbao za fidla zikaanza kulia.

"Faki, itapasuka."

Faki hakuacha kuimba. Shaame alisita. Hakusita sana, lakini alisita, na wote watatu walikuja kulikumbuka hilo. Alimtazama Kazija, akaona damu kwenye ncha za vidole vyake ikichirizika juu ya nyuzi. Akaibana fidla ya babu yake chini ya kidevu, akapiga. Sauti ya mwisho ilipotoka, fidla ilipasuka kutoka shingoni hadi tumboni, na mwamba ukanyamaza.

Kazija akaangusha upinde. Akawatazama mmoja mmoja kama mtu aliyeamshwa ndani ya basi.

"Mbona mmeacha?" akauliza. "Tumefika wapi?"

Kesho yake walikwenda wote wanne kwa Bi Mwanaheri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmemkatia jini buriani yake kwa ajili ya choo?"

Bi Mwanaheri akapunguza redio, jambo ambalo Mize alikuwa hajawahi kuliona, akamshika Kazija mkono wenye bandeji.

"Umerudi, lakini hujafika. Jini alipanda kukusikiliza, akakuchukua, nawe ukaitwa katikati ya njia. Sasa atataka kujua ni nani aliyekuita. Kabla hujashika tena hilo gogo lako, utakaa nalo pale mlipokuwa, utasema: Nimerudi kwa fulani. Utamtaja mmoja."

"Mmoja tu, bibi? Wao walikuwa watatu."

"Jini huyu hakusoma. Anahesabu mpaka moja. Ukimtajia watu wawili ataona mnagombana, atakuja kuwasuluhisha, na hapo hatumtoi tena. Ukimtaja asiyestahiki, atajua, maana alikuwepo. Usipotaja, basi usipige tena maisha yako, mwanangu. Funika gogo, uza, fanya utakalo. Lakini usipige."

"Na huyo nitakayemtaja?"

"Ndiye mwenyeji wako. Kila ukirekebisha sauti za nyuzi zako, utazilinganisha na chombo chake. Na muziki huo utaitwa kwa jina lake, hata akifa."

"Wewe unaonaje, bibi?" aliuliza Mize.

"Mimi sikualikwa kwenye tamasha," akasema Bi Mwanaheri, akaongeza redio.

Mwanzoni walifanyiana adabu. Mize alisema atajwe Shaame, maana amepoteza fidla. Shaame alisema atajwe Faki, maana bila wimbo mkono ungepiga nini? Faki alisema atajwe Mize, maana ndiye aliyeamka wakati wengine wanapokea makofi. Adabu hiyo ilimtesa Kazija kuliko ugomvi, kwa sababu kila mmoja alipomaliza kumsifu mwenzake, alitulia kidogo kusubiri asifiwe na yeye.

Kazija hakuigusa chelo. Aliiweka pembeni mwa chumba na kuifunika khanga, kisha akaiondoa khanga kwa sababu iliifanya ionekane kama maiti. Alipokata mkate, vidole vya mkono wake wa kushoto vilitafuta nyuzi kwenye ukingo wa meza. Alipokaa kwenye kiti chochote aliketi kwenye ncha yake, magoti mbalimbali, akiacha nafasi ya kitu ambacho hakikuwepo. Mumewe akamwambia, "Mtaje yeyote, mke wangu, nyumba imekuwa kimya mno." Naye akamjibu, "Yeyote jini hamtaki."

Siku moja aliwaita wote watatu kwa chai, na siku hiyo adabu ikaisha.

"Mimi nitasema wazi," alianza Shaame. "Nyinyi mmebaki na vyombo vyenu. Mimi nimebaki na mbao. Naazima fidla kwa watu kama mtu anayeazima viatu vya harusi."

"Fidla ilikuwa yako, wimbo ulikuwa wa nani?" akasema Faki. "Ungepiga nini? Mvumo? Mvumo tulikuwa nao wa kutosha."

"Wimbo ulikuwa wa bibi yangu," akadakia Mize. "Na aliyeukata ni wewe, Faki. Mtu akutumbukize kisimani, halafu akutupie kamba, utampa zawadi?"

"Kama kamba ni hiyo moja tu duniani, nitaishika kwanza, zawadi tutazungumza juu. Niliikata, sikatai. Ila wewe ulijua, Mize. Nilikuona ulivyofungua mdomo ukaufunga. Mimi nilikosea kwa kutojua uzito wake, wewe ulinyamaza huku unaujua."

Mize akaweka kikombe chini. "Niliona aibu," akasema. "Asubuhi nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba ni hewa."

"Na ni hewa?" aliuliza Shaame.

"Inategemea nani anauliza, mkaguzi wa shule au wewe." Hakucheka. "Lakini kaka Shaame, na wewe usijitoe. Nani alisema alhamdulillahi buriani ilipokatwa? Na fidla ilipolia, nani alisita? Nilisikia. Kati ya kipande na kipande paliingia pumzi nzima."

"Ilikuwa ya babu yangu!"

"Na yule pale alikuwa Kazija."

Shaame akakisukuma kikombe chake kando.

"Nilisita," akasema. "Kisha nikapiga. Wewe ulijua kwamba anakufa, Mwalimu. Kujua hakukukugharimu kitu. Viola yako uliitupa, ukaiokota, haina hata mkwaruzo."

"Nilimsukuma afisa wa serikali mbele ya mgeni rasmi," akasema Mize. "Nina barua mbili za kujieleza, na moja inaniuliza kama nilitumwa."

Hapo Kazija akacheka, mara ya kwanza tangu tamasha, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio.

"Nikimtaja mmoja," akasema, "nimewakosea wawili. Nikiwataja wote, nimemkosea jini. Nikinyamaza, nimejikosea mwenyewe. Niambieni basi, nyinyi mlioniita, mliniitia nini?"

Faki akaanza kukusanya vikombe.

Habari ilifika kwa Bwana Ngwali, na yeye, ambaye moyo wake ulikuwa mzuri na faili lake nene, aliunda kamati. Kamati ilikaa, ikanywa soda, ikawahoji wahusika, ikatembelea mwamba wakati maji yametoka na hakuna cha kusikia. Mjumbe mmoja alipendekeza wapewe vyeti wote wanne pamoja na mgeni rasmi. Mwingine akauliza kama uamuzi wa jini una rufaa. Mwishowe kamati ilieleza kwamba imeguswa sana na suala hili, ila haiwezi kulitolea uamuzi kwa kuwa jini mhusika hajasajiliwa, na asiyesajiliwa hawezi kuandikiwa. Bwana Ngwali mwenyewe alikwenda kumwambia Kazija, akasimama mlangoni akigeuza kofia yake mikononi.

"Ningekiacha kile choo kisubiri," akasema kwa sauti ya chini. "Hata hivyo maji yalikuwa hayajaunganishwa."

Mimi nami nimewauliza watu njiani nilikopita, na wao hawakunisaidia. Fundi seremala alisema Shaame, bila kufikiri, kwa sababu alijua mbao ile ni ya mti gani na haipatikani tena. Mkunga mmoja alisema Mize: wanaokuja na vifaa ni wengi, alisema, lakini anayejua kwamba sasa ndiyo sasa ni mmoja. Mwalimu wa madrasa alisema Faki, kwa kuwa aliyekosa na akarekebisha kosa lake ana jasho mara mbili. Mtu mmoja aliyekuwa akinyolewa ndevu alisema atajwe Bi Mwanaheri, na kinyozi akamwambia atulie asije akakatwa.

Basi ikafika alasiri ambayo maji yalijaa tena. Kazija alikwenda kwenye jengo la forodha. Alikibeba kile chombo mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Wenzake watatu walikuwa wameshafika, wamekaa nusu duara kama siku ile, Mize na viola yake, Faki na fidla yake, Shaame na fidla ya kuazima juu ya magoti. Viti vya wasikilizaji vilikuwa vitupu, isipokuwa kimoja cha nyuma, ambacho Bwana Ngwali alikikalia bila faili.

Kazija alikaa kwenye ncha ya kiti. Akaiweka chelo baina ya magoti yake, lakini upinde aliuacha sakafuni. Kidole kimoja alikiweka juu ya uzi mzito, bila kuubonyeza.

Chini yao mwamba ukaanza kuvuma, polepole, unapanda kidogo, unashuka, unarudi palepale, kama mtu anayeuliza swali na yuko tayari kulirudia.

Mize aliinamisha kichwa asikilize. Faki alifumba macho. Shaame aliishika fidla ya watu kwa mikono miwili.

Kazija akainama kuuokota upinde. Akaunyanyua. Akafungua mdomo, akasema, "Nimerudi kwa..."

Na mimi mwanzoni niliwaambia kwamba kuimaliza ni kazi yenu. Mmoja alisikia, na bila yeye hakuna ambaye angejua kuna wa kuokolewa. Mmoja alikumbuka, na bila yeye wimbo wa kumwita usingekuwepo. Mmoja alipiga na akavunjikiwa, na bila yeye wimbo ungebaki kichwani mwa mtu. Mmoja alinyamaza, mmoja alikata, mmoja alisita. Jini anahesabu mpaka moja, na alikuwepo, na anasubiri.

Upinde uko hewani. Ungekuwa wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti kile, ungelitaja jina la nani?